Nyoka wa simuni ana somo kwa walimu na wanafunzi

Walimu wengi wa taifa hili wakisikia neno mchezo likitajwa sambamba na neno kompyuta, hukunja nyuso. Kwa maoni yao, mchezo wa kompyuta ni mwizi wa wakati, adui wa kitabu na ndugu wa uzembe. Wazazi nao huitikia amina. Mimi siiafiki rai hiyo, na leo nakusudia kueleza kwa nini. Upo mchezo mmoja mdogo mno, usio na rangi wala madoido, ambao umewafunza watu wa pwani hii mambo ambayo hotuba nyingi za gwaride la asubuhi hazijafaulu kuwafunza. Mchezo huo ni ule wa nyoka.

Kwa wanafunzi waliozaliwa baada ya simu za kuguswa kioo kuenea, yafaa nieleze kwa muhtasari. Kwenye kioo cha simu palikuwa na mstari mweusi ulioitwa nyoka. Nyoka huyo alitambaa bila kusimama, naye mchezaji alimwelekeza kwa vibonyezo vinne tu: juu, chini, kushoto na kulia. Mahali fulani pa kioo kilitokea kitone, nacho ndicho chakula. Nyoka akikimeza, alirefuka kidogo na mchezaji akapata alama. Akijigonga ukutani au akijiuma mwenyewe, mchezo ulikwisha. Sheria zake zote zaweza kuandikwa nyuma ya tiketi ya matatu.

Aliyemtia nyoka huyo katika simu ni mhandisi wa kampuni ya Nokia huko Ufini, Taneli Armanto, na simu iliyombeba kwanza ni Nokia 6110 ya mwaka 1997. Hata hivyo asili yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya Marekani ilitoa mchezo wa mashine ulioitwa Blockade, ambamo wachezaji wawili walichora kuta nyuma yao wakijaribu kuzibiana njia. Nyoka wa simuni ni mjukuu wa mchezo huo, ila yeye hana mpinzani. Adui wake ni ukuta na mwili wake mwenyewe.

Hapa kwetu Mnarani nyoka huyo aliingia kimyakimya. Daraja la Kilifi lilikuwa limefunguliwa mwaka 1991 na kuipokonya feri kazi yake ya kuvusha watu na magari katika hori. Mwaka 2000 kampuni za Safaricom na Kencell zilipoanza kushindana kuwania wateja, simu ya mkono ilianza kushuka kutoka mikononi mwa matajiri hadi kwa mvuvi, bawabu wa hoteli na mama muuza mahamri. Wengi wa hao hawakuwahi kuketi mbele ya tarakilishi, sembuse kufunzwa jinsi ya kuitumia. Kwao, simu ile ndogo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kwanza kuishika, na nyoka ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa kwanza wa kompyuta. Kidole kilichozoea kubonyeza kwa wakati ufaao katika mchezo hakikupata tabu ilipokuja M-Pesa mwaka 2007. Hilo peke yake ni jambo la kuheshimiwa. Lakini hoja yangu ni pana kuliko hiyo.

Somo la kwanza la nyoka ni kwamba kufaulu kwenyewe huzaa hatari. Anapoanza, nyoka ni mfupi na uwanja ni mpana. Hata mtoto asiyejua kusoma humwendesha bila shida. Kila anapokula, anapata alama, lakini pia anajipunguzia nafasi ya kupita. Uwanja haupanuki kwa kuwa yeye amekua. Baada ya matonge arobaini au hamsini, mchezaji hugundua kwamba ukuta si tishio kubwa tena: ukuta ulipo panajulikana. Kinachomtisha ni mkia wake mwenyewe, uliolala kila pembe kama kamba iliyosahaulika njiani. Wahenga walinena kikulacho ki nguoni mwako. Walinena pia kuwa ukubwa ni jaa. Sijaona mahali ambapo methali hizi mbili zimechorwa kwa pamoja na kwa uwazi kama kwenye kioo kile.

Tuyatie haya katika maisha ya shule. Mwanafunzi aliyeongoza darasa muhula uliopita hupewa uranda, kisha ukatibu wa chama cha Kiswahili, kisha nafasi katika timu ya mdahalo, kisha ya mpira. Kila moja ni tonge tamu, na kila moja humrefusha mkia. Siku yake haikuongezwa saa hata moja. Asipojifunza kupanga mwendo wake upya kadiri anavyokua, atajigonga, tena hatagongwa na adui bali na sifa zake mwenyewe. Mwalimu naye aliyefanya kazi vizuri hukabidhiwa kamati juu ya kamati, mpaka lile darasa lililompa sifa likawa ndilo analolikosa. Sisemi watu wakatae kukua. Nyoka asiyekula hapati alama. Nasema kwamba mwendo uliomfaa mfupi haumfai mrefu.

Somo la pili latokana na la kwanza, nalo ni la njia. Mchezaji mchanga humwona nyoka na chakula tu, basi humkimbiza moja kwa moja. Mwenye tajiriba hutenda vingine. Nyoka wake akirefuka, huacha kukata njia za mkato na kuanza kumwendesha kama mkulima anayepalilia shamba la mahindi: anapanda na safu hii hadi mwisho, anageuka, anashuka na ile inayofuata, akiacha njia moja pembeni ya kumrudisha alikoanzia. Njia hiyo hupita kwenye kila mraba wa uwanja mara moja tu kisha hurudi mwanzo. Anayeishika bila kuiacha hawezi kujiuma, kwa maana mkia wake daima utakuwa unaondoka mbele yake kabla hajafika. Chakula kikitokea popote, atakifikia kwa zamu yake. Mwendo huu ni wa polepole na hauna mbwembwe, lakini unaweza kuujaza uwanja mzima.

Walimu wa hisabati watakuwa wamekwisha kuitambua njia hiyo. Huitwa kwa jina la Hamilton, mwanahisabati wa Ireland wa karne ya 19, ambaye mwaka 1857 alibuni mchezo wa kuvizungukia vituo vyote mara moja na kurudi ulikotoka. Je, njia ya namna hiyo hupatikana katika kila uwanja? La. Chora uwanja wa miraba 5 kwa 5, yaani miraba 25. Ipake rangi mbili kwa kupokezana kama ubao wa dama. Utapata 13 nyeusi na 12 nyeupe. Kila hatua ya nyoka humtoa kwenye rangi moja na kumtia katika nyingine. Ili aipite miraba yote na kurudi alipoanza, hana budi awe amekanyaga nyeusi na nyeupe kwa idadi sawa. Lakini 13 si sawa na 12. Basi njia hiyo haipo, na hapana ujanja utakaoileta. Ongeza safu moja tu, uwanja uwe 5 kwa 6, na njia itapatikana.

Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuufahamu uthibitisho huu kwa dakika kumi, akiwa na penseli na karatasi ya miraba. Humo atakuwa amejifunza jambo kubwa ambalo mitihani yetu hailigusi mara kwa mara: kwamba yako mambo yasiyowezekana, na kwamba kujua kwa hakika kwamba jambo haliwezekani ni elimu, si kushindwa. Ni mara ngapi kijana amepoteza miaka akitafuta njia katika uwanja usio na njia, ilhali alichohitaji ni kuongeza safu moja?

Lakini zingatieni jambo moja. Njia hiyo ya kupalilia si lazima tangu mwanzo. Nyoka akiwa bado mfupi, mchezaji mwerevu hukata njia apendavyo na kujipatia alama upesi. Hata akikosea mwelekeo, nafasi ya kujirekebisha ipo. Nidhamu humpasa kuwa kali kadiri mwili unavyoongezeka. Hapo wazazi na walimu tunapaswa kutafakari. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: tunambana mtoto wa darasa la kwanza kama kwamba kosa lake moja litauangusha ulimwengu, kisha tunamwachia huru kijana wa chuo mwenye simu, pesa za karo mkononi na mji mgeni mbele yake. Nyoka angetuambia tupange kinyume cha hivyo.

Somo la tatu ni la huruma, na huenda likawashangaza wale wanaoamini kuwa mashine haina moyo. Armanto alipoujaribu mchezo wake aliona kwamba katika mwendo wa kasi ulikuwa mgumu kupita kiasi. Alichofanya ni kuweka muda mdogo mno, sehemu ndogo ya sekunde, kabla ya nyoka kuhesabiwa kuwa amegonga. Katika muda huo mchezaji aliyeduwaa aliweza bado kubonyeza na kuokoka. Wachezaji wengi hawakujua kuwa wamefadhiliwa. Walijiona tu kuwa ni hodari. Sheria ya mchezo haikuvunjwa, kwani ukuta ulibaki ukuta, na asiyegeuka alikufa vilevile. Ila palikuwa na nafasi nyembamba ya kujirudi.

Nawaomba walimu wenzangu wayapime maneno haya. Mwalimu asiye na nafasi hiyo nyembamba huwa na darasa la waoga. Mwenye nafasi pana kupita kiasi huwa na darasa la wavivu. Ustadi wa kazi yetu umo katikati ya hayo mawili: kumwona mwanafunzi yu karibu kugonga ukuta, kumwachia pumzi moja ageuke mwenyewe, na kutomtangazia mbele ya watu kwamba tumemwokoa. Anayeokolewa huku akidhani kajiokoa hupata nguvu ya kujaribu tena.

La nne ni subira mbele ya anguko. Nyoka hufa, kisha unabonyeza, naye yuko hai. Hakuna anayekucheka, na kifo hakikugharimu shilingi. Kwa sababu hiyo mchezaji huchunguza kwa utulivu: nilifia wapi? Niligeuka mapema au nilichelewa? Nilikimbilia chakula kilichokaa pembeni bila kufikiria jinsi ya kutoka? Hivyo ndivyo kila elimu ya kweli inavyopatikana, iwe ni kuogelea horini, kushona kanzu au kutatua hesabu. Wanafunzi wetu wengi hawaogopi hisabati yenyewe. Wanaogopa alama nyekundu na cheko la wenzao. Laiti tungaliwapa mazoezi mengi ambayo kosa ndani yake ni rahisi, wangalifika kwenye mtihani ambao kosa lake ni ghali wakiwa wamekwisha kuzoea kujisahihisha.

Hapa sharti nitie breki, nisije nikaonekana kuusifu mchezo kuliko unavyostahili. Nyoka hana jirani. Uwanja wake hauna mtu mwingine wa kumsaidia wala wa kumdhulumu. Maisha si hivyo, na ndiyo sababu wazee wa pwani walikuwa na mchezo wao ambao kwa upande huo unaushinda huu kwa mbali. Naukusudia bao. Mashimo 32 na kete 64, watu wawili wametazamana, na watazamaji wenye midomo isiyonyamaza. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba yake, na kete 22 mkononi. Huingiza moja moja katika awamu ya namua mpaka zimalizike, ndipo uingie mtaji. Kete hazizaliwi wala hazifi. Ulizonazo wewe ni zile asizokuwa nazo mwenzako. Ukipanga shambulio huku hukutazama upande wake, umejimaliza.

Mholanzi Alex de Voogt alitoa kitabu mwaka 1995 kuhusu umahiri wa mafundi wa bao, kutokana na utafiti aliouendesha Zanzibar. Kwamba msomi alisafiri kutoka Ulaya kuja kuketi na wachezaji barazani na kuuchunguza uwezo wa akili zao kukumbuka na kukokotoa ni jambo la kututia fahari. Ni jambo la kutufikirisha pia, maana sisi tulio na mabaraza hayo hatujaliingiza bao darasani ipasavyo. Nyoka hufunza kujitawala. Bao hufunza kumsoma mwenzako. Mtoto anayeyapata yote mawili ana mtaji mwema.

Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika makala haya. Wakati walimu na wazazi wanaendelea kuulaumu mchezo wowote uliomo simuni bila kubagua, umeingia mchezo wa aina nyingine kabisa, na umevaa nguo zilezile za usahili. Nao ni ule wa ndege inayopaa. Kijana huweka pesa. Ndege hupaa kiooni na namba huongezeka. Akibonyeza kabla haijatoweka hupata pesa zake zikiwa zimezidishwa kwa namba hiyo. Akichelewa hupoteza zote. Kibonyezo ni kimoja. Sheria zake ni chache hata kuliko za nyoka. Pesa hutoka na kurudi kwa simu ileile. Nimemwona kijana wa jirani, mwerevu wa hesabu, akirudi nyumbani katikati ya muhula kwa kuwa karo ya chuo aliyotumiwa na mjomba wake wa Malindi iliruka na ndege hiyo kwa usiku mmoja. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili kuichangia. Naye si peke yake. Mwulizeni mwalimu mkuu yeyote wa upili katika kaunti hii, naye atawasimulia mengine ya aina hiyo.

Sheria ya Kenya inawakataza walio chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari. Mwezi Aprili mwaka 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo ikapatikana Sheria mpya ya Kudhibiti Kamari. Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini sheria haikai na mtoto chini ya blanketi saa sita za usiku. Kinachokaa naye ni akili yake, na akili hiyo ndiyo tuliyopewa sisi walimu kuilea.

Tumpe basi hesabu. Tuchukue mchezo wa bahati ambao, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, hurudishia wachezaji wastani wa shilingi 97. Atakayesikia hayo atadhani hasara ni ndogo: shilingi tatu tu! Lakini mchezaji haweki mara moja akaenda zake. Anachopata hukirudisha, na raundi moja huchukua muda mfupi. Akiweka tena kila alichonacho mara 50, tunazidisha 100 kwa 0.97 mara hamsini. Jibu ni takriban shilingi 22. Kwa wastani, shilingi 78 zimekwenda. Bandubandu huisha gogo. Wachache watatoka na kitita, nao ndio watakaosimuliwa kila kijiwe. Walio wengi watatoka mikono mitupu, nao hawatasimuliwa na mtu.

Tofauti ya michezo hii miwili ndiyo kiini cha hoja yangu. Katika nyoka, kuanguka hakukugharimu kitu na kukosea kunakufunza. Leo utacheza vizuri kuliko jana kwa sababu umejifunza. Katika ndege, kuanguka kunagharimu karo na hakukufunzi chochote, kwa maana raundi inayofuata haina habari na iliyopita. Aliyecheza mara elfu hajui zaidi ya aliyecheza mara moja. Tofauti yao ni umaskini tu. Nyoka humwambia mchezaji aache tamaa ama atajiuma. Ndege humchochea tamaa hiyo kisha humtoza ada kwa kuwa nayo. Mtoto aliyefunzwa kuuliza swali moja, je, ustadi wangu unabadilisha chochote hapa, amepata ngao ambayo marufuku ya simu haiwezi kumpa. Ndiyo maana nasema kwamba kuilaani michezo yote kwa pamoja ni kumnyang'anya mtoto kipimo cha kutofautishia.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuuingize mchezo wa nyoka darasani kama somo. Mwaka 2022 Taasisi ya Kustawisha Mitaala ya Kenya iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu katika shule za msingi na za upili. Hapana mwanzo mzuri kuliko nyoka, kwa sababu siri yake ni nyepesi na ya kupendeza. Kwa kweli nyoka hatembei. Kompyuta huhifadhi orodha ya miraba anayoikalia. Kila pigo la saa, mraba mmoja mpya huongezwa kichwani na mmoja wa zamani huondolewa mkiani. Akila, wa mkiani hauondolewi, basi hurefuka. Hiyo ni foleni, sawasawa na ile ya magari iliyokuwa hapa Mnarani yakingojea feri kabla ya daraja: aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka, na mgeni hujiunga upande wa pili. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo ameelewa mojawapo ya nguzo za sayansi ya kompyuta, na ameielewa kwa mfano wa kijijini kwao.

Pili, kukosa kompyuta kusiwe kisingizio. Shule nyingi za bara la kaunti yetu hazina mashine za kutosha, na nyingine hazina umeme wa kutegemewa. Karatasi ya miraba inatosha. Mwanafunzi mmoja anashika penseli ya nyoka, wa pili anatupa dadu mbili kuamua mraba wa chakula, wa tatu anafuta mkia kwa raba na kuhesabu alama. Hata mchanga wa uwanjani na kokwa za ukwaju zinatosha. Watakapoikuta kompyuta siku moja, wataikuta kama watu wanaojua wanachokitaka kutoka kwake.

Tatu, hesabu ya uwezekano ifunzwe kwa mifano ya kamari, kwa uwazi na bila kuona haya. Tumezoea kuwafunza watoto kuhusu mipira myekundu na ya bluu iliyomo mfukoni, nao hujibu mtihani na kusahau. Tuwape ile hesabu ya 97 na 22. Waifanye wenyewe, hatua kwa hatua, mpaka waione pesa ikiyeyuka chini ya kalamu zao. Funzo alilolikokotoa mtu kwa mkono wake halitoki upesi.

Nne, wazee wa bao waalikwe shuleni walao mara moja kwa muhula. Waje na bao zao, wakae chini ya mwembe, na wanafunzi wawazunguke. Hatutahitaji bajeti ya wizara kwa jambo hili.

Wanafunzi, neno langu la mwisho ni lenu. Hamtaambiwa na mimi kwamba michezo ni haramu, wala sitawadanganya kwamba kucheza kutwa kucha ni elimu. Kila mchezo mtakaopewa, uwe wa bure au wa kulipia, uulizeni maswali matatu kabla hamjaupa dakika zenu: Nikikosea, ninapoteza nini? Nikirudia, ninajifunza nini? Na nikishinda, nani amelipa? Mchezo wa nyoka unayajibu yote matatu bila kigugumizi. Ule usioweza kuyajibu mbele yenu mchana, msiufungulie mlango usiku.